Tumbo na Moyo ni Majirani

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloleta hofu kubwa katika nyumba nyingi, na ambalo laweza hata kuvunja jamaa nzima. Mtu amekula chakula cha jioni, amejilaza, na kabla ya kupata usingizi asikia moyo wake ukigonga kwa nguvu kama mchi katika kinu. Mara waenda mbio, mara waruka pigo moja, kisha wapiga jingine kubwa kana kwamba wataka kutoka kifuani. Tumbo limemvimba, apiga mbweu, koo lamwasha. Huketi kitandani, hushika kifua, na mawazo mawili humjia: «Nimetiwa sumu», ao «Nakufa».

Je, ni sumu? Je, ni kufa? Mara nyingi si hili wala lile. Lakini mara chache jambo ni zito kweli, na anayelidharau hupotea. Kwa hiyo yafaa sisi sote, wazazi na wanafunzi, tujue namna ya kupambanua.

Maneno ya wazee

Wazee wetu hawakuwa na chombo cha kutazamia viungo vya ndani, walakini walijua ya kuwa tumbo na moyo havikai mbali. Mtu anayetaka kutapika husema: «Moyo wanichafuka.» Na pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua, twapaita chembe cha moyo, ingawa mahali hapo panapouma mara nyingi ni pa mfuko wa chakula. Wafaransa nao, mtu akisikia kichefuchefu, husema ana «mal au cœur», yaani maumivu ya moyo. Wanafunzi hushangaa sana wanapojifunza maneno hayo darasani. Wagiriki wa zamani waliuita moyo «kardia»; na hata leo madaktari wa dunia nzima huuita mlango wa juu wa mfuko wa chakula kwa jina lilo hilo.

Mwaka 1912 daktari mmoja Mjerumani, Ludwig Roemheld, aliandika juu ya wagonjwa waliolalamikia moyo, kumbe chanzo cha mateso yao kilikuwa mfuko wa chakula na matumbo yaliyojaa hewa. Hata sasa hali hiyo huitwa kwa jina lake. Basi, si mawazo ya bure: mgonjwa hasemi uongo anapotuambia ya kuwa tumbo lake lamsumbua moyo.

Njia nne za ujirani

Namna gani tumbo laweza kuugusa moyo? Tutataja njia nne.

Ya kwanza ni ukuta. Kifua na tumbo vimetengwa na kiwambo, ndio msuli mpana wenye umbo la bakuli lililofunikwa. Moyo umekaa juu ya kiwambo. Mfuko wa chakula uko chini yake, upande wa kushoto. Tukila kupita kiasi, tukimeza hewa nyingi kwa kula upesi, ao tukinywa vinywaji vyenye mapovu, mfuko huo huvimba na kukisukuma kiwambo juu. Mapafu hupata nafasi ndogo, pumzi huwa fupi, na mtu husikia mapigo ya moyo wake ambayo siku nyingine hayasikii. Tena akilala chali mara baada ya kula, mambo huzidi.

Ya pili ni mshipa wa fahamu. Kutoka ubongoni hushuka mshipa mmoja mrefu uitwao vagus. Waliojifunza Kilatini wajua maana yake: mzururaji. Kweli huzurura! Wapita shingoni, watoa matawi kwa moyo na mapafu, kisha wapenya kiwambo na kufika katika mfuko wa chakula na matumbo. Ni kama waya mmoja wa simu unaounganisha nyumba nyingi. Kazi yake moja ni kuupunguzia moyo mbio zake. Basi, mfuko wa chakula ukivutwa na wingi wa chakula ao hewa, habari hupita katika waya ule, na moyo waweza kupunguza mwendo, kuruka pigo, ao kuanza mbio kwa kitambo. Kuna hata watu ambao moyo wao hubadili mwendo wanapomeza tonge kubwa ao maji baridi sana.

Ya tatu ni kazi ya damu. Baada ya chakula kingi, mwili hupeleka damu nyingi matumboni ili chakula kisagwe na kuchukuliwa. Ni nani asukumaye damu hiyo? Ni moyo. Kwa hiyo huongeza kazi, na mtu aliyekula sahani mbili za bugali na maharage, akashindilia kwa vikombe vya kasiksi, asistaajabu akisikia moyo wake ukitwanga. Pombe yenyewe, hata bila chakula, yaweza kuharibu mwendo wa moyo, hasa ikinywewa nyingi kwa mara moja.

Ya nne ni uchungu wa mfuko wa chakula. Ndani ya mfuko huo mna maji makali yanayosaidia kusaga chakula. Yakipanda juu katika umio, yaani njia ya kumezea, huleta kiungulia. Sasa umio wapita nyuma kabisa ya moyo, bega kwa bega. Ndiyo maana moto wa kiungulia husikika kifuani, na wengine hupata pamoja nao mapigo yasiyo sawa.

Mtu mwenye moyo mzima hauawi na mambo haya manne. Humsumbua, humwogofya, kisha hupita.

Tumbo linaloinyang'anya damu maji na nguvu

Lakini kuna ujirani mwingine ulio mbaya zaidi: tumbo huunyang'anya mwili mali yake, na moyo ndio unaolipa deni.

Tutazame kwanza safura, minyoo midogo yenye kuingia kwa ngozi ya miguu penye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Hujishikiza ndani ya utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana. Lakini mamia yakikaa miaka, mtu huishiwa damu. Mwaka 1880, Edoardo Perroncito, mtaalamu wa Italia, aliwakuta minyoo hao kwa wafanyakazi waliochimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard, ambao walikuwa wamepauka na kulegea bila kujulikana sababu. Mtu aliyepungukiwa damu, moyo wake hupiga mbio ili damu ile chache izunguke mara nyingi. Mtoto anayechoka njiani kwenda shule, ambaye viganja vyake na ndani ya kope zake pameparara, huenda si mvivu. Apelekwe akapimwe damu na choo. Malaria nayo hupunguza damu kwa namna yake, basi ipimwe pamoja.

Kisha kuna vidonda vya tumbo. Zamani watu walifikiri vyaletwa na pilipili na mawazo mengi tu. Mwaka 1982, huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua vijidudu vyenye kuishi ndani ya mfuko wa chakula na kuleta vidonda hivyo. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sababu nyingine kubwa ni dawa za kutuliza maumivu, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wengi hununua sokoni na kumeza kila siku kwa ajili ya mgongo. Kidonda chaweza kutoka damu polepole bila maumivu makali. Dalili yake ni choo cheusi, chenye kunata kama lami na kunuka vibaya. (Anayemeza vidonge vya madini ya chuma hupata choo cheusi pia, lakini yeye amwambie mwuguzi.) Mwenye choo cha lami, na moyo wake waenda mbio, na kichwa chazunguka akisimama, asingoje kesho.

Tena kuna kuhara na kutapika. Sisi tunaokaa karibu na maziwa twajua kipindupindu. Hatujasahau mwezi wa saba wa mwaka 1994 kule Goma, ambako wakimbizi walikufa kwa maelfu katika siku chache. Anayehara sana hapotezi maji tu. Hupoteza pia chumvi na potasiamu, madini ambayo bila hayo moyo hauwezi kushika mwendo wake. Dawa ya kwanza ni kunywa: pakiti ya chumvi na sukari inayotolewa katika kituo cha afya, iliyokorogwa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwa maana ikizidi ni hatari. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, na ndizi mbivu akiweza kula, huku safari ya kituo cha afya ikitayarishwa.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya dawa kali za kuharisha, na zile zinazotiwa kwa njia ya haja kubwa «ili kusafisha tumbo». Mtu aliyedhoofika akiharishwa mara kumi, hapati usafi. Apoteza maji na madini, na moyo uliokuwa ukimwogofya tu sasa wapata sababu ya kweli ya kukosa mwendo.

Mwishowe kuna ugonjwa mmoja unaogusa tumbo na moyo pamoja: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Moyo huenda mbio mchana na usiku, choo huwa chepesi, mikono hutetemeka, mwili wakonda ingawa mtu ala vizuri, na joto humsumbua. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu. Madaktari walilichunguza huko katika miaka ya 1960. Si kila rovu lafanya hivyo, bali mwenye rovu na moyo wa mbio apimwe damu.

Hofu nayo

Wanafunzi wasidhani tumewasahau. Asubuhi ya mtihani, kijana hajala kitu, amekunywa vikombe vitatu vya kahawa, tumbo lakoroga, akimbilia chooni, moyo wagonga. Ni nini? Ni hofu. Mtu akiogopa, mwili hutoa ndani ya damu dawa yake yenyewe ya kukimbilia ao kupigania. Nayo huharakisha moyo na kuvuruga tumbo kwa mara moja. Kahawa huongeza moto juu ya moto. Kisha kijana husikia moyo wake, aogopa zaidi, na moyo wazidi mbio. Duara hilo huvunjwa kwa kuketi, kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, mara kumi ao zaidi. Na kwa kula uji kidogo kabla ya kwenda shuleni.

Je, ni nani aliyenitia sumu?

Sasa twafika penye kidonda kikubwa kuliko vya tumbo. Twajua jamaa moja ambayo baba yake alikula sana katika karamu ya ndoa, akalala, na usiku moyo ukaanza kugonga. Asubuhi akasema ni karuho, na ya kuwa shemeji yake aliyempakulia ndiye mwenye kosa. Mbuzi wawili walikwenda kwa mfumu. Dawa za mfumu zikamharisha siku tatu, moyo ukazidi, na neno la sumu likazidi kuaminiwa. Alipofikishwa hospitali, alionekana ana kidonda cha tumbo na upungufu wa damu. Alitibiwa kwa vidonge akapona. Lakini shemeji hakurudi tena kukaa katika kijiji kile, na watoto wa ndugu wawili hawasalimiani mpaka leo. Kidonda cha tumbo kilipona kwa majuma machache. Kile kingine nani atakitibu?

Hatusemi sumu haipo duniani. Kuna dawa za kuua wadudu wa shambani ambazo wengine huziweka katika chupa za vinywaji, jambo baya sana. Kuna muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha: huleta kizunguzungu, kutapika, na moyo wa mbio, hasa wakati wa njaa watu wanapoharakisha kazi. Ulowekwe siku tatu kamili, kisha uanikwe juani. Mara nyingine, basi, sumu yatoka katika kinu chetu wenyewe bila adui yeyote. Kama watu kadhaa waliokula pamoja wameugua pamoja, wote wapelekwe hospitali upesi, na mabaki ya chakula yahifadhiwe. Lakini kumtaja mtu kwa jina kwa sababu ya mapigo ya moyo ni kumhukumu bila shahidi.

Hesabu kabla ya kuogopa

Kila mmoja nyumbani ajifunze kuhesabu mapigo. Mtu aketi kimya dakika tano. Weka vidole viwili, si kidole gumba, juu ya kifundo cha mkono, upande wa gumba, upate mshipa unaopiga. Tazama saa, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo kati ya 60 na 100. Watoto hupata zaidi. Wanafunzi wapige hesabu: mapigo 70 kwa dakika, mara dakika 60, mara saa 24, yafanya 100,800 kwa siku moja. Katika laki hiyo, pigo moja moja kuruka si jambo la kushangaza. Andika hesabu yako, saa, na ulichokula. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Ni lini usingoje?

Tulisema jambo laweza kuwa zito. Twajua pia mzee aliyesema, «Ni gesi tu», akanywa soda, akasubiri asubuhi, wala hakuiona. Moyo wenye kufa kwa kukosa damu waweza kujifanya tumbo: maumivu katika chembe cha moyo, kichefuchefu, uchovu wa ghafula. Huwa hivyo hasa kwa wanawake, kwa wazee, na kwa wenye ugonjwa wa sukari.

Basi nendeni hospitali mara moja mkiona haya: kifua kubanwa kama kwa jiwe, na maumivu kwenda mkononi, shingoni ao katika taya, pamoja na jasho baridi, kuzimia, kukosa pumzi ukiwa umekaa, ao miguu kuvimba, mapigo kupita 120 mtu akiwa ametulia wala hayapungui, ao kukosa mpango kabisa, choo cha lami ao kutapika damu. Tena moyo unaogonga mtu anapotembea ao kufanya kazi, pasipo habari ya chakula, wataka kuchunguzwa. Wala vijana wasijidhani wako salama wote: maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni yaweza kuacha moyo wenye milango mibovu.

Mashauri ya kila siku

Wengine wote, ambao daktari amewaambia moyo wao ni mzima, wafanye hivi. Wale kidogo kidogo mara nyingi, wala si sahani moja kubwa usiku. Watafune polepole. Wasilale kabla ya saa mbili ao tatu kupita baada ya kula. Mwenye kiungulia ainue miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, na alalie ubavu wa kushoto. Wapunguze mafuta mengi, kahawa, pombe na vinywaji vya mapovu. Sigara waiache kabisa. Mkanda usibane tumbo. Kila mtu aangalie chakula kinachomsumbua yeye, maana kwa huyu ni maharage, kwa yule ni maziwa. Wasimeze dawa za maumivu bila shauri. Watoto wavae viatu, choo kichimbwe na kutumiwa, mikono ioshwe kwa sabuni.

Tena nyumbani, anaposhikwa mmoja usiku, wengine wasipige makelele ya kilio wala wasianze kutaja majina. Mmoja amwinue akae, mwingine alegeze nguo, wa tatu ahesabu mapigo. Kama dalili za hatari zipo, mtafute gari, pikipiki ao machela bila kuchelewa. Kama hazipo, mpeni maji kidogo, mkae naye akitulia, na kesho mpeleke katika kituo cha afya pamoja na ile karatasi yake. Kuuliza si ujinga.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyahifadhi. Kwa sasa, wazazi, someni ukurasa huu pamoja na watoto wenu, na leo jioni kila mmoja ahesabu mapigo ya jirani yake mezani, kabla ya kula na baada ya kula. Mtajionea wenyewe.